Alama Yangu Ilikufa Ikiwa na Miaka Saba

Sehemu ya sita

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, shika haya machache. Mimi ni Shigela wa Bariadi, muuza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani mpaka vikalia kama kokoto. Pakiti zangu zinaitwa Michembe ya Mayo, yaani ya Mama kwa Kisukuma, na juu yake kuna mchoro wa mke wangu Philomena, ameshika ungo, anacheka. Moto umeshanilia banda na mafuriko yameshanilia shamba, hayo yote nimeshayasimulia. Basi nilikwenda Maswa, nikaingia duka moja pale Binza, nikakuta rafu nzima ya pakiti zangu. Jina langu. Mchoro wangu. Ila michembe iliyokuwa ndani sikuikausha mimi.

Nikamuuliza mwenye duka nani kazileta. Akanishangaa.

"Si shemeji yako Luhende?"

Luhende ni kaka wa mke wangu, tumbo moja. Siku ya harusi yangu alikula paja la mbuzi peke yake, nikanyamaza. Siku hiyo sikunyamaza. Kutoka dukani mpaka kwake ni nyumba kumi, na nyumba zote kumi zilinisikia nikija.

Nilimkuta uani anapanga pakiti kwenye boksi. Wala hakushtuka.

"Shemeji! Mwadila?"

"Usinisalimie. Hii ni nini?"

"Michembe."

"Ya nani?"

"Ya Mayo. Imeandikwa hapo."

"Luhende, hilo jina nililisajili mimi, pamoja na mchoro! Nina cheti!"

Akajifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kama mtu anayejiandaa kula.

"Cheti cha mwaka gani, shemeji?"

"Elfu mbili na kumi na nne."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Alipofika kidole cha saba akakisimamisha mbele ya pua yangu.

"Hapa ndipo alama yako ilipokufa. Saba. Hukuifufua. Mimi nimeiomba upya kwa jina langu, na ombi limeshatangazwa. Ukitaka nikuuzie kwa jumla, sema tu. Wewe ni ndugu."

"Alama haifi!" nikamwambia.

Naomba msinicheke bado, maana nilikuwa nasema ninachokijua. Babu yangu alichoma ng'ombe wake alama moja, duara na mistari miwili, kwenye paja la kulia. Babu amekufa kabla sijazaliwa. Mpaka leo ng'ombe wetu akipotea akaonekana Meatu, watu hawaulizi tarehe. Wanatazama paja, wanasema huyu ni wa ukoo fulani, mrudisheni. Sijawahi kusikia mtu anarudi zizini baada ya miaka saba kumchoma ng'ombe yuleyule mara ya pili. Kwa hiyo nilipopewa cheti cha alama ya biashara, nilijua kazi imekwisha. Chuma kimeshagusa ngozi.

Nilirudi Bariadi juu ya lori tupu lililotoka kushusha pamba kwenye kiwanda cha kuchambua. Njia nzima nilikuwa natukana. Dereva aliniambia nishuke au niimbe. Nikaimba.

Kaka yangu ana binti anaitwa Winnie, amesoma sheria Mwanza na sasa anasaidia watu hati zao pale mjini. Nikampigia, akaja dukani kesho yake asubuhi.

"Mwangaluka, baba mdogo. Mama mdogo, mwangaluka."

"Mwangaluka. Kaa. Mwambie ukweli mjomba wako Luhende kwamba ni mwizi."

"Nionyeshe cheti kwanza."

Nikamwonyesha ukuta. Kwa majivuno, sisemi uongo. Cheti kilikuwa katikati, ndani ya fremu. Kulia kwake fremu nyingine, kushoto fremu nyingine, na ndani yake barua mbili zenye nembo ya serikali. Zilikuja kwa sanduku la posta la parokia. Kiingereza kitupu. Mimi niliacha shule darasa la nne nikaenda kuchunga, lakini nembo ya serikali naijua, na nilijiambia serikali haiwezi kununua stempu ili kumtukana mtu. Zilikuwa pongezi. Nikazipeleka kwa fundi fremu.

Winnie akasogea ukutani. Akasoma ya kulia. Akasoma ya kushoto. Akashika mdomo.

"Baba mdogo, hizi umezitundika mwenyewe?"

"Kwa misumari ya inchi mbili."

"Hii ya kwanza inakukumbusha kwamba alama yako inaelekea kuisha, uiongeze muda."

"Na ya pili?"

"Ya pili inasema imeisha."

Nikakaa kwenye gunia.

"Wateja wamekuwa wakizisoma miaka minne!" nikasema.

"Hata padri alisoma," akasema Philomena kutoka nyuma ya mzani. "Alisimama hapo hapo, akasoma zote mbili, akasema, Shigela, Mungu akusaidie."

"Nilidhani ananibariki!"

Philomena akaanza kucheka. Winnie akamfuata. Na mimi, Mungu ananiona, nikiwa nimepoteza jina langu la biashara, nikacheka nao mpaka gunia likapasuka.

Tulipotulia, Winnie akanieleza. Alama ya biashara inapewa miaka saba ya kwanza. Ukiiongeza, inapata kumi. Ukiiongeza tena, kumi nyingine. Kumi, kumi, kumi, mpaka wajukuu wachoke. Inaweza kuishi kuliko mti, ila lazima uamke kila mara ukaipe pumzi.

"Kwa hiyo serikali haina kitu cha kudumu?"

"Vinatofautiana, baba mdogo. Ukibuni mashine mpya ukapewa hati ya ubunifu wako, ni miaka ishirini mwisho, na kila mwaka ulipie. Baada ya hapo ni ya kila mtu. Lakini ukitunga wimbo, au ukichora picha, ni yako maisha yako yote. Na ukifa, warithi wako wanabaki nayo miaka hamsini."

"Kwa kusajili wapi?"

"Si lazima mahali popote. Hata usiposajili. Ukiinua tu brashi, ni yako."

"Kwa hiyo mtu anayepaka rangi ana miaka hamsini kaburini, na mimi ninayelisha watu nina saba nikiwa hai?"

"Ndivyo."

"Yaya, hapana," nikasema. "Nchi hii imegeuzwa chini juu."

Philomena ndiye aliyeona. Alikuwa ameshika pakiti, anaitazama sura yake.

"Mwanangu Winnie," akasema polepole, "na huu mchoro?"

Winnie akageuka kama mtu aliyeguswa na waya.

"Aliuchora nani?"

"Selestini wa Nkololo," nikasema. "Yule aliyekuwa anachora vibao vya saluni."

"Mliandikiana mkataba?"

"Nilimpa beberu."

"Maandishi, baba mdogo."

"Beberu haandikiwi!"

"Basi mchoro si wako. Ni wa Selestini."

"Winnie, umekuja kunisaidia au kunizika?"

"Subiri! Kama si wako, si wa Luhende pia. Ameomba jina pamoja na mchoro, na mwenye mchoro hajamruhusu. Ombi likitangazwa, kuna siku sitini za kulipinga." Akatafuta tangazo lenyewe kwenye simu yake, vidole vikihesabu. "Zimebaki tisa. Niletee karatasi ya Selestini inayosema amekuruhusu wewe, na hajamruhusu Luhende. Hiyo nitaweza kupigana nayo."

Jamani. Sijui niwaelezeje. Ilikuwa kama mtu aliyefukiwa akasikia koleo linakuja.

Nilimbusu Winnie kwenye paji la uso. Nilimbusu Philomena mbele ya wateja, kitu ambacho sijawahi kufanya hata kanisani. Winnie alipokwenda kuandika karatasi, mimi nikaenda sokoni bila sababu yoyote, kuwaambia watu miaka yao.

"Bebe, wewe Malimi!" nikamwita fundi vyuma. "Ile mashine yako ya kupukuchua karanga, ungeiombea hati, ungepata miaka ishirini!"

"Bado naweza?"

"Ni lazima uombe kabla hujaionyesha dunia."

"Nimeipeleka Nanenane mara sita."

"Basi pole, ni yetu sote!"

Akanirushia nati. Nikakwepa, nikaendelea. Nilimkuta mzee anayetunga nyimbo za kikundi cha ngoma, anakunywa uji, nikamwambia nyimbo zake zitakuwa za watoto wake miaka hamsini baada ya yeye kufa.

"Kwa hiyo wanangojea nife?" akauliza.

"Hapana, baba! Ukiishi sana ndiyo wanapata zaidi. Miaka yako kwanza, halafu hamsini."

Akafikiri, akaagiza kikombe cha pili na chapati mbili, akasema nikawaambie wanawe ndio watakaolipa.

Muuza kuku mmoja akaniuliza kuku wake ana miaka mingapi. Nikamwambia huyo ni mpaka Jumapili.

Mchana nikaazima pikipiki ya jirani yangu Januarius. Winnie akanipa karatasi, imeandikwa vizuri kwa Kiswahili, na chini ameacha mistari mitatu mitupu.

"Hapo ni pa masharti, kama mwenye mchoro atakuwa nayo. Muyaandike wenyewe, wote muweke sahihi. Msiongeze maneno mengine."

Philomena akasema anakuja. Sura ni yake, kwa nini asije? Akavaa kilemba kile kile cha kwenye pakiti. Kila Jumapili anakivaa. Watu wa Bariadi hawamwiti tena Philomena wala Mama Flora, wanamwita Mayo wa Pakiti, na yeye huitika kama mke wa waziri.

Njia ya Nkololo ilikuwa na vumbi na sisi tulikuwa na furaha. Niliimba. Philomena alinipiga mgongoni kwa mdundo. Ng'ombe walitupisha.

Pale senta nikasimamisha pikipiki mbele ya kundi la wanaume waliokuwa wanacheza bao.

"Mwadila, wazee. Kwa Selestini mchoraji ni wapi?"

Wakatazamana. Mmoja akavua kofia.

"Selestini tulimzika, ndugu yangu. Mwaka elfu mbili ishirini na tatu."

Hapa ndipo ninapoona aibu, lakini niliahidi kusimulia yote. Mtu mwema angesema pole. Mimi nilijumlisha. Elfu mbili ishirini na tatu, weka hamsini.

"Elfu mbili sabini na tatu!" nikapiga kelele. "Bado ipo!"

Philomena akanifinya ubavuni mpaka machozi yakanitoka, na wale wazee, walipoona machozi, wakanisamehe. Mmoja akanishika bega akanielekeza nyumba ya mjane.

Mjane anaitwa Generoza. Tulimkuta uani anapeta mpunga, mwanamke mrefu, mikono ya mtu anayelima mwenyewe. Akatupa viti, akatupa maji, akasikiliza salamu zote mpaka mwisho bila haraka. Nikampa pole ya Selestini, safari hii sawasawa. Kisha nikamweleza jambo letu: jina, Luhende, siku tisa, mchoro. Nikamwambia yeye ndiye mwenye mchoro sasa, kwa sababu ndiye mrithi.

"Peke yangu," akasema. "Hatukujaliwa watoto."

"Basi ni wewe. Mpaka elfu mbili sabini na tatu."

"Nitakuwa nimeshakufa."

"Utakuwa umekufa tajiri!"

Generoza akatupa kichwa nyuma, ungo mkononi, akacheka.

Philomena akanivuta shati, akaonyesha pakiti kwa kidole.

Nikatazama pakiti iliyokuwa mkononi mwangu. Nikamtazama Generoza. Nikatazama pakiti tena. Kidevu. Meno. Jicho moja linalofumba zaidi ya jingine.

"Baba Flora," akasema Philomena. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Ngoja."

"Huyu ni nani kwenye pakiti yangu?"

Generoza akatuangalia wote wawili, na taratibu kicheko kikamwisha.

"Kwani hamkujua? Mume wangu hakuwaambia?"

Akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Lilikuwa na karatasi za michoro tupu, na yote ni yeye. Generoza na ungo. Generoza na kilemba. Generoza akicheka, mara saba, mara nane. Chini kabisa akachomoa picha ndogo ya pasipoti, akampa mke wangu kwa mikono miwili, kwa heshima.

Ilikuwa Philomena. Ile picha niliyompa Selestini, pamoja na beberu, ili achorwe mke wangu.

"Alijaribu wiki nzima, dada yangu," akasema Generoza. "Usinichukie. Alisema huyu mama amekunja uso, na picha ya pasipoti haiwezi kuuza chakula. Mwisho akanisimamisha mimi hapo ulipokaa, siku mbili, ungo mkononi. Kilemba tu ndicho alichochukua kwako."

Philomena aliitazama picha yake. Kisha akaniangalia mimi.

"Miaka kumi na moja watu wananiita Mayo wa Pakiti."

"Na mimi sikujua!"

"Hukujua sura ya mke wako?"

Jibu zuri la swali hilo lipo mahali fulani duniani. Mimi nilitoa hili: "Nilidhani fundi amekupendelea."

Kuku wote wa uani walikimbia. Sijui walijuaje.

Philomena hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alivua kilemba, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani.

"Maliza kazi yako tuondoke," akasema.

Nikamgeukia Generoza, jasho linanitoka. Nikamwambia nitampa beberu. Nitampa jike na mtoto wake. Nitampa gunia la michembe kila msimu.

"Sitaki mnyama," akasema. "Mume wangu amechora nusu ya vibao vya Nkololo, na hakuna kibao kimoja chenye jina lake wala langu. Nilisimama siku mbili, mkono ukafa ganzi. Nitasaini karatasi yako. Lakini chini ya picha, kwenye kila pakiti, iandikwe Generoza. Watu wajue huyu ni mimi."

Haki yake. Niliiona wazi, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo.

"Likiandikwa hilo jina," akasema Philomena bila kuinua macho, "viazi utamenya wewe, utakata wewe, utaanika wewe. Mimi mikono yangu haikaushi michembe ya Generoza."

Na ninyi mnajua, maana nimeshasema kwenye sehemu ya kwanza: mimi nauza tu. Anayejua kukata unene gani, na jua la saa ngapi, ni yeye. Nilijaribu mwaka mmoja alipojifungua. Ikaota ukungu wa rangi tatu.

"Mama Flora, tukikosa sahihi hii, kaka yako anachukua kila kitu."

"Na tukiipata, mimi ni nani?"

"Tupe siku mbili tukafikiri," nikamwambia Generoza. "Siku zipo tisa."

Generoza akatikisa kichwa, akaonekana anaona haya.

"Siku mbili sina, kaka yangu. Kuna mtu wa Maswa alikuja juzi, mnene, anacheka sana. Naye anautaka mchoro. Amesema jina langu ataliandika kwa herufi kubwa, rangi nyekundu. Nilimwambia nitafikiri, arudi kesho asubuhi."

Luhende. Alishafika kabla yangu. Aliujua mchoro, aliijua miaka hamsini, alijua yote wakati ananihesabia vidole pale Binza.

Generoza akaweka karatasi ya Winnie juu ya kinu kilichogeuzwa, akaniwekea na kalamu. Mistari mitatu ya masharti ilikuwa mitupu, inaningoja.

"Andika jina langu, nami nasaini sasa hivi," akasema.

"Thubutu," akasema mke wangu.

Nikainama. Kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe. Nilifikiria rafu ya Binza. Nilifikiria duka langu na fremu zake tatu. Mimi wa darasa la nne, herufi za jina hilo nazijua zote nane.

Nikaandika G.

Nyuma yangu pikipiki ya Januarius ikawashwa. Nikageuka. Philomena alikuwa ameikalia, sketi ameifunga magotini, vumbi limeshaanza kuruka.

Mke wangu hajawahi kuendesha pikipiki maishani mwake.